Hanang, Rubeho au Ukaguru: ulinganisho wa misitu mitatu ya mlimani kwa anayetoka Dodoma kwenda kulala porini

Mkazi wa Dodoma anayetaka kulala siku mbili tatu katika msitu wa mlimani, mahali pasipo na bomba, choo cha kujengwa wala kibanda cha kukodi, ana milima mitatu anayoweza kuifikia kwa safari ya siku moja. Upo Hanang mkoani Manyara, ipo safu ya Rubeho ambayo upande wake wa magharibi umo katika Wilaya ya Mpwapwa, na ipo milima ya Ukaguru inayofikiwa kupitia Gairo. Yote ina msitu wa asili, yote ina baridi isiyojulikana mjini Dodoma, na sehemu kubwa ya misitu hiyo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Baada ya hapo kila mlima una tabia zake, na anayejiandaa kwa Hanang kisha akaenda Ukaguru atakuta amebeba nusu ya vitu asivyovihitaji na kuacha nyumbani nusu ya vile anavyovihitaji.

Watu wengi wakishauriana waende wapi huanza na kimo cha kilele au picha walizoziona kwenye simu. Kwa maoni yangu, swali la kwanza ni maji: yako wapi, yanapatikana mwezi gani, na nani atayabeba. Swali hilo ndilo linaloamua uzito wa mzigo, mahali pa kulala, idadi ya siku na hata chakula cha kupika.

Milima ya Udzungwa nimeiacha nje ya ulinganisho huu kwa makusudi. Sehemu yake inayotembelewa zaidi ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1992, ina maeneo ya kambi yaliyotengwa na utaratibu wake wa askari na malipo, na kwa anayetoka Dodoma ni mbali zaidi. Anayetaka hayo aende huko moja kwa moja.

Maji

Hanang ni mlima wa volkano uliosimama peke yake, na kilele chake hutajwa kuwa na mita 3,420. Mvua inayonyesha juu yake hunywewa na mwamba na majivu ya kale, kwa hiyo anayepanda hatakiwi kutegemea kijito chochote akishaacha mashamba ya chini. Maji yote hubebwa kutoka Katesh au kutoka vijiji vya miguuni pa mlima. Mtu mmoja anayepanda na kupika anahitaji si chini ya lita nne kwa siku, na kwa siku mbili na usiku mmoja hizo ni lita nane, yaani kilo nane kabla hata hajagusa unga, hema na blanketi. Watu watatu wanahitaji dumu la lita 20 na vidumu viwili vidogo juu yake, na mzigo huo peke yake ni kazi ya mpagazi mzima. Ndiyo maana wengi hulala Hanang usiku mmoja tu, na wanaotaka siku tatu hujikuta wakilipa watu zaidi wa kubeba maji kuliko wa kubeba kitu kingine chochote.

Rubeho na Ukaguru ni habari nyingine. Zote mbili ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, milima ya mwamba wa kale sana ambayo misitu yake hunasa ukungu unaotoka upande wa Bahari ya Hindi na kuuachia polepole kwenye vijito. Maji ya Rubeho hugawanyika mara mbili: mengine huingia Mkondoa na kuishia mto Wami, mengine hushuka kusini kwenda Ruaha Mkuu na hatimaye Rufiji. Ukaguru nao huulisha Wami. Kwa msafiri maana yake ni kwamba anaweza kupanda na chupa mbili za lita moja na nusu na sufuria ya kuchemshia, akapanga siku tatu au nne bila kufikiria dumu.

Hata hivyo vijito vya huko hukaa mabondeni, na ardhi tambarare ya kulala mara nyingi iko juu ya migongo, kwa hiyo kuteka maji kunaweza kuwa safari ya nusu saa kushuka na zaidi ya hapo kupanda ukiwa umebeba. Kufikia Septemba na Oktoba vijito vidogo hupungua, na aliyeonyeshwa chemchemi mwezi Mei asidhani ataikuta ilivyokuwa. Mwongozaji wa kijijini ndiye anayejua ipi haikauki. Maji ya msituni huonekana safi kama ya chupa, lakini mahali ambapo ng'ombe hupita juu ya kijito hayafai kunywewa bila kuchemshwa au kuwekwa dawa, na katika Rubeho, ambako maeneo ya nyasi na vipande vya msitu vimechanganyika, hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba ng'ombe hawajapita.

Barabara, vibali na watu wa kijijini

Kwa usafiri Hanang ndio rahisi, ingawa ndio ulio mbali zaidi. Barabara ya lami kutoka Dodoma kupitia Kondoa hadi Babati ni kama kilomita 250, na kutoka Babati hadi Katesh ni lami vilevile. Anayependa kupitia Singida naye hupita lami hadi mwisho. Basi linakushusha Katesh mjini, na mlima unauona hapo hapo juu ya mabati.

Gairo iko kwenye barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, takribani nusu ya njia, na mabasi yote yanayokwenda Dar es Salaam hupita hapo. Ugumu huanza unapoiacha lami kupanda kuelekea Chakwale, Nongwe na Mandege, kwa kuwa hiyo ni barabara ya udongo yenye kona na miteremko, na mvua ikinyesha gari dogo halifai. Wengi humalizia kwa bodaboda, begi likiwa limefungwa nyuma kwa mpira, na ni busara kulifunga begi ndani ya mfuko wa nailoni kwanza kwa sababu vumbi la huko huingia hata kwenye zipu.

Rubeho kwa upande wa Dodoma ndiyo iliyojificha kuliko zote. Unaiacha barabara kuu pale Mbande, unapita Kongwa hadi Mpwapwa, kisha unashuka Gulwe na kuelekea Kibakwe, na kutoka hapo unaanza kuulizia njia za kupandia Wotta au Mang'alisa. Bonde la Gulwe na Godegode linajulikana kwa mafuriko yanayoikata hata reli ya kati, kwa hiyo kati ya Desemba na Aprili mpango wa Rubeho ufikiriwe mara mbili. Nje ya miezi hiyo njia hupitika, ila siku ya kwanza yote huishia barabarani, na asiyekubali hilo asiichague.

Kuhusu vibali hakuna tofauti kubwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu mtu kujiingilia msitu wa hifadhi na kufanya anavyotaka, na kibali hutafutwa katika ofisi ya TFS ya wilaya husika kabla ya kupanda. Katesh wamezoea wageni, kwa hiyo utaratibu wa malipo na waongozaji huenda haraka. Mpwapwa na Gairo wageni wa namna hii ni wachache, na inafaa kupiga simu au kufika siku moja kabla. Baada ya ofisi nenda kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, uwaamkie, ueleze mko wangapi, mnalala wapi na mnatoka lini. Si jambo la adabu tu. Vipande fulani vya misitu hiyo ni mahali pa matambiko, na mzee wa kijiji atakwambia pa kutokuweka hema kwa sentensi moja, wakati ramani haitakwambia kamwe.

Baridi na kimo

Kanuni inayotosha kwa matumizi ya kawaida ni kwamba joto hupungua kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda. Dodoma iko kwenye kimo cha mita 1,120 hivi, na usiku wa Julai hufika nyuzi 13 au 14. Katika misitu ya Rubeho na Ukaguru, kwenye mita 2,000, tegemea nyuzi nane, na hewa yenye unyevu itazifanya zionekane pungufu ya hapo. Hanang kwenye mita 2,700 unakaribia nyuzi nne, na kileleni alfajiri, penye upepo, umande unaweza kuganda. Blanketi la Kimasai na sweta vitakuvusha usiku wa Ukaguru bila furaha. Kwa Hanang havitoshi, na begi la kulalia ni lazima.

Kimo cha Hanang kina jambo jingine ambalo milima ile miwili haina. Kuanzia mita 2,500 kwenda juu baadhi ya watu huumwa kichwa, hukosa hamu ya kula na hutapika, hata vijana wenye nguvu. Dawa ya uhakika ni kushuka. Anayefika kwa basi jioni na kuanza kupanda alfajiri ili afike kileleni siku hiyo hiyo anajitafutia hali hiyo, na kulala njiani ndiyo faida kubwa ya kuweka kambi katika mlima huo.

Mahali pa kusimamisha hema

Hapa ndipo milima hii inapoachana kabisa, na ndipo ninapomshauri msomaji asome polepole.

Msitu wa Hanang umekaa kama mkanda katikati ya mlima: chini yake mashamba, juu yake vichaka vifupi, nyasi na mawe. Ardhi yake ni ya mteremko mkali, na sehemu tambarare ni chache na zinajulikana na waongozaji wote, kwa hiyo kambi utaonyeshwa. Ukitoka kwenye msitu, udongo ni mwembamba na vigingi haviingii zaidi ya nusu. Kamba za hema hufungwa kwenye mawe mazito. Upepo wa usiku hauna huruma, kwa hiyo hema fupi lenye umbo la kuba hufaa kuliko lile refu la kusimama ndani.

Jambo zito la Hanang ni mvua. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ililegea na tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Miamba dhaifu iliyonyonya maji ndiyo iliyoachia. Asitokee mtu wa kuweka kambi kwenye korongo la mlima huo, hata likiwa kavu kabisa na lina mchanga laini unaovutia, na miezi ya mvua mlima huo uachwe. Ninayoyasema kuhusu makorongo yanahusu milima yote mitatu, kwa sababu mvua ya saa moja iliyonyesha mbali, usikoisikia, inaweza kukufikia usiku ukiwa umelala. Ila Hanang hakuna nafasi ya kukosea.

Ukaguru ni kinyume chake kwa karibu kila jambo. Katika msitu wa Mamiwa-Kisara ardhi ni laini kupita kiasi: majani yaliyooza yamelundikana kwa miaka mingi, kigingi kifupi cha hema la dukani kinaingia kwa kidole na kinatoka kwa kidole. Beba vigingi virefu, au funga kamba kwenye mashina. Tatizo la pili halionekani mchana. Ukungu ukiingia jioni hutua kwenye majani ya juu, ukawa matone, na matone hayo hudondoka usiku kucha juu ya hema hata kama mvua haijanyesha mahali popote wilayani. Mtu aliyelala chini ya mti mkubwa akidhani amejikinga huamka na hema lililolowa kuliko la mwenzake aliyeliweka kwenye uwazi mdogo hatua ishirini mbali. Hema la kitambaa kimoja, kama mengi yanayouzwa kwa bei nafuu mijini, hulowa pia kwa ndani kutokana na pumzi za waliolala, na begi lililogusa ukuta wake huamka limelowa upande mmoja. Turubai la kawaida, lile la kuanikia mpunga, likifungwa juu ya hema kwa nafasi ya nusu mita na kuinamishwa upande mmoja, hutatua mambo yote mawili kwa fedha kidogo. Kwa Hanang turubai hilo ungelipeperusha kama bendera. Kwa Ukaguru ningeliacha hema kabla ya kuliacha turubai.

Kabla ya kusimamisha chochote, tazama juu na tazama chini. Juu unatafuta matawi makavu na miti iliyokufa, ambayo huanguka yenyewe usiku usio na upepo. Chini unatafuta siafu. Katika misitu yenye unyevu hupita kwa misururu, na msururu mwembamba unaouona saa kumi jioni ukivuka njia unaweza kuwa zulia zima saa tano usiku. Ukiuona, hama; majivu yaliyomwagwa kuzunguka hema husaidia kwa muda tu, nawe huenda huna majivu yoyote.

Rubeho imekaa katikati. Upande wa Mpwapwa uko kwenye kivuli cha mvua, yaani mlima huizuia mvua inayotoka baharini isiufikie vizuri, hivyo unapanda kupitia miombo mikavu na mashamba ya mahindi na maharage, kisha ghafla juu unakutana na nyasi za wazi zilizotawanyikiwa na vipande vya msitu mzito. Mpangilio huo ni zawadi kwa mwenye hema: unalala pembezoni mwa msitu, kwenye nyasi kavu kiasi, ukikingwa upepo na miti, na asubuhi unaingia msituni kwa hatua chache. Kwa kigezo hiki kimoja Rubeho inaishinda milima yote miwili bila ubishi.

Moto na chakula

Kuni za msitu wa Ukaguru ni mbichi hata zikiwa zimekauka, na kukata mti katika hifadhi ni kosa. Jiko dogo la gesi au la mafuta ya taa ndilo jibu, ingawa mtungi wa chuma wa kilo tatu ni mzigo na inabidi kikundi kipokezane. Katika Rubeho na Hanang hatari ni kinyume: nyasi za Agosti na Septemba huwaka kwa cheche moja, na moto wa wazi ni bora usahaulike kabisa.

Jambo ambalo wapishi wa Hanang hulijua kwa uchungu ni kwamba maji huchemka kwenye nyuzi pungufu kadiri unavyopanda; kwenye mita 3,000 ni karibu nyuzi 90. Maharage hayaivi, yatakumalizia gesi na kukuachia njaa. Panda na dagaa waliokaangwa, tambi, chapati, karanga na uji. Kwenye mita 2,000 maharage yataiva, ila kwa nini ujisumbue.

Usiku

Katika misitu ya Tao la Mashariki mgeni huamshwa na perere. Mnyama huyo si mkubwa kuliko sungura, hukaa juu ya miti, na sauti yake huanza kama mlango mkavu unaofunguliwa polepole, ikapanda hatua kwa hatua hadi ukelele. Asiyeambiwa mapema huwasha tochi na kuamsha kambi nzima. Mchana utaona mbega na kima, na mwenye bahati na uvumilivu atasikia majani yakiparurwa chini na ndege wa Rubeho, ambao baadhi yao sayansi imewafahamu karibuni sana. Kwale wa misitu hiyo alielezwa kwa mara ya kwanza katika miaka ya 2000. Hanang kwa wanyama ni mlima mkimya, na mvuto wake wa usiku ni taa za Katesh chini na, kukipambazuka, ziwa Balangida upande wa kaskazini.

Nani aende wapi

Anayekwenda kwa mara ya kwanza, mwenye siku mbili na asiye na gari, ningempeleka Ukaguru kati ya Juni na Septemba. Ni karibu, maji yapo, kimo hakiumizi, na akishindwa kabisa anashuka hadi kwenye nyumba za watu ndani ya saa chache. Atalowa, na hilo alikubali kabla ya kuondoka.

Hanang nampa anayetaka kilele zaidi ya msitu, mwenye fedha ya wapagazi na mwenye begi zito la kulalia. Msitu ataupita kama ngazi tu, na si haki kuuchagua mlima huo kwa ajili ya miti.

Rubeho ndiyo ninayoiona bora kuliko zote kwa mtu anayetaka kweli kulala porini, ila si kwa kila mtu. Inadai siku nne, mwongozaji anayezijua njia za kijiji hadi kijiji, simu iliyojaa chaji ambayo huenda isipate mtandao, na kikundi chenye angalau mtu mmoja aliyewahi kulala msituni kabla. Wenye watoto wadogo waiache kwa sasa. Mlima Kiboriani, juu kidogo ya mji wa Mpwapwa, unawatosha kwa mazoezi, na kibali chake huulizwa mjini hapo hapo.

Kokote utakakokwenda, chimba choo chenye kina cha sentimita 15 hadi 20, mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji, ukifukie, na urudi na takataka zote hadi mjini. Mwongozaji azungumziwe bei kabla ya kupanda, chakula chake kiwemo kwenye hesabu yenu, na muulizeni mapema kama ana blanketi lake, kwa kuwa wengi huja na koti tu.